Ufunguo Usitangulie Leseni

Kijana wa pwani akitaka kuwa nahodha hakabidhiwi chombo siku ya kwanza. Huanza kwa kutoa maji chomboni, akafunzwa kufunga kamba, akashika demani, akazijua pepo na mikondo, na baada ya misimu kadhaa ndipo aaminiwapo usukani. Atakaye useremala hukaa na fundi wake mpaka mkono ukaizoea randa. Hata mpishi wa harusi hakuanza na sufuria la pilau la watu mia tatu. Lakini pikipiki, chombo ambacho makosa yake hulipwa kwa mfupa na damu, kijana hufunzwa na rafiki yake jioni moja uwanjani, na kesho yake asubuhi yuko steji akingoja abiria. Na abiria huyo aghalabu ni mama, dada au mtoto wa mtu.

Makala haya yanazungumzia mafunzo ya kuendesha pikipiki kwa usalama, kwa anayeanza na kwa aliyezoea, nayo yanautazama mji wa Eldoret. Msomaji wa pwani asiuone mji huo kuwa wa mbali. Wanetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses hupanda bodaboda, wapo jamaa zetu wafanyao biashara huko, na wapo walimu wa madrasa waliofanya makao huko. Tena yatokeayo katika barabara za Eldoret yana ndugu zake Mombasa, Kilifi na Ukunda.

Barabara ya malori na ukungu

Eldoret, ambao wazee bado wanauita Sisibo kwa kuwa ulianzia katika shamba nambari 64, ulipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Mji huu uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu itokayo Mombasa na Nairobi kwenda Malaba hupita katikati yake, na kwa hivyo malori yaliyobeba shehena iliyoshuka bandarini Kilindini, yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo, yanagawana lami na matatu, mikokoteni na bodaboda zitokazo Langas, Huruma, Munyaka na Kapsoya.

Mvua huanza Machi au Aprili na huweza kuendelea hadi Septemba, na mara nyingi hushuka alasiri, kwa ghafla. Asubuhi huwa na baridi na ukungu. Baada ya mvua huja mavuno. Uasin Gishu ni miongoni mwa maghala ya mahindi ya nchi, na matrekta yanayokokota matrela huingia barabarani, mengine usiku bila ya taa za nyuma. Njia za vijijini ni za udongo na changarawe, na zikilowa hupakwa utelezi kama sabuni. Mtu aliyejifunza mchana wa jua, kwenye uwanja mkavu usio na gari hata moja, hajajifunza kuendesha Eldoret.

Jina bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda, kutoka boda hadi boda. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki za injini ndogo kodi ya ongezeko la thamani. Bei ikashuka, pikipiki zikajaa, na vijana wengi wakapata riziki ya halali. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kazi ilikuja upesi kuliko mafunzo. Aliyekuwa akikanyaga baiskeli jana, leo alipewa chombo kiwezacho kwenda kilomita 80 kwa saa, na wengi hawakupata wa kuwaeleza tofauti.

Matokeo yake tunayajua. Katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao ni fungu kubwa la hesabu hiyo. Wanaosalimika na miguu iliyovunjika na vichwa vilivyopasuka hupelekwa hospitali, na kwa watu wa magharibi mwa nchi mara nyingi hiyo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapo hapo Eldoret. Mvunjiko wa paja huweza kumlaza kijana wiki nyingi, na katika wiki hizo pikipiki haifanyi kazi ilhali mkopo wake ungali unadaiwa.

Elimu ya jamaa na marafiki

Mwaka 1981 ilitolewa huko Marekani ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Wachunguzi walikwenda wenyewe kwenye mahali pa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakapima, wakahoji, wakaandika. Walikuta kuwa waendeshaji 92 katika kila 100 waliopata ajali hawakupata mafunzo yoyote rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifunzwa na jamaa na marafiki. Nchi ni nyingine na zama zimepita, lakini jioni ile moja ya uwanjani tuliyoitaja ndiyo hiyo hiyo.

Wachunguzi hao waliona pia kuwa, katika ajali ya kawaida, mwendeshaji hupata chini ya sekunde 2 za kuikwepa hatari tangu aione. Na katika sekunde hizo wengi hukosea namna moja: hukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote mpaka gurudumu likajifunga na kuteleza, na ile ya mbele hawaigusi ipasavyo.

Sababu ya kosa hilo ni dhana iliyoenea hata kwetu, kwamba breki ya mbele humpindua mtu. Ukweli ni kuwa chombo kinapopunguza mwendo, uzito wake husukumwa mbele. Gurudumu la mbele hukamata ardhi zaidi na la nyuma huwa jepesi. Kwa hivyo breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki. Humwangusha mwenye kuibana kwa ghafla, au mwenye kuibana huku amekata kona au yuko juu ya tope. Anayeibana kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, pikipiki ikiwa imesimama wima, akiisaidia kwa ya nyuma, husimama katika masafa mafupi zaidi. Mtu hawezi kulijua hili kwa kuambiwa tu. Mkono unahitaji kurudia mara nyingi, mbele ya mwalimu, kabla ya siku ya hatari.

Na masafa ni jambo la hesabu. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Akichelewa sekunde moja tu kuamua, amekwishapita urefu wa malori mawili madogo kabla hajaigusa breki. Ndiyo maana mwendo wa mijini umewekewa kikomo cha kilomita 50.

Anayeanza afunzwe nini

Kwa sheria ya Kenya, anayetaka kuendesha pikipiki hutakiwa kwanza apate leseni ya muda ya mwanafunzi, asome katika shule ya udereva, kisha atahiniwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA. Leseni za pikipiki ni za daraja A, na ndani yake A3 ndiyo ya bodaboda, wabeba vifurushi na tuktuk. Mwenye leseni ya gari dogo asidhani kuwa imempa ruhusa ya kupakia abiria kwenye pikipiki.

Kozi iliyo nzuri huanza pikipiki ikiwa imezimwa. Mwanafunzi hufunzwa kuikagua kila asubuhi: upepo na meno ya tairi, breki zote mbili, cheni, taa, indiketa, honi na mafuta ya injini. Hufuata kazi ambayo vijana huidharau, nayo ni kwenda polepole. Kuzunguka umbo la nane, kupita kwenye ubao mwembamba, kusimama na kuondoka penye mlima bila kurudi nyuma, kutawala klachi. Kwenda kasi mbio moja kwa moja kila mtu anaweza. Anayejua kazi hujulikana kwa utulivu wake katika mwendo wa mtu anayetembea.

Ndipo aingie barabarani. Hapo hufunzwa kusoma alama, kutoa nafasi katika mizunguko, kutazama nyuma kabla ya kubadili upande, kutojificha mahali ambapo dereva wa lori hamwoni kwenye vioo vyake, na kutarajia kuwa gari linaloingia kutoka kando halikumwona. Mwisho hufunzwa kubeba mtu. Pikipiki yenye abiria hukawia kusimama, hukawia kukata kona, na huyumba abiria anapogeuka. Mwanafunzi asiyefunzwa jambo hili atalifunzwa na abiria wake wa kwanza, na huyo abiria hakukubali kuwa ubao wa kuandikia.

Na aliyezoea

Wapo watakaosema, "Mimi nina miaka kumi juu ya pikipiki, nifunzwe nini?" Miaka kumi ni elimu ikiwa mtu alianza na elimu. Lakini aliyeanza na kosa, miaka hiyo imelikomaza kosa lake. Sawa na msomaji aliyejifunza herufi vibaya utotoni: kadiri anavyosoma zaidi, ndivyo ulimi unavyokataa kunyooka, na mwalimu hupata tabu naye kuliko mtoto aliyekuja leo.

Wengine ulimwenguni wamelielewa hili. Huko Marekani taasisi ya mafunzo ya usalama wa pikipiki iliyoanzishwa mwaka 1973 hutoa kozi za wanaoanza na nyingine za waliozoea. Uingereza tangu mwaka 1990 imewalazimisha wanaoanza wapate mafunzo ya msingi kabla ya kuingia barabarani peke yao. Karibu nasi, mjini Kampala, mwaka 2014 ilianzishwa kampuni ya SafeBoda kwa wazo jepesi: waendeshaji waliokuwa tayari kazini wafunzwe upya, na kila mmoja awe na kofia ya pili kwa ajili ya abiria. Watu waliwatambua kwa kofia na makoti yao ya rangi ya machungwa.

Aliyezoea anahitaji nini basi? Anahitaji mtu wa kumtazama akiendesha na kumwambia ukweli. Anahitaji kuizoesha mikono yake breki ya mbele. Anahitaji mazoezi ya usiku na ya mvua, ujuzi wa kufunga mizigo, na huduma ya kwanza, kwa kuwa mara nyingi wenziwe wa steji ndio wafikao kwanza penye ajali. Wajue kutomvuta majeruhi kwa mikono na miguu, kutomvua kofia kwa pupa, na kuzuia damu kwa kitambaa safi na mkono uliokaza. Na anahitaji kukumbushwa habari ya uchovu: aliyefanya kazi tangu alfajiri, ifikapo saa nne za usiku macho yake yako wazi lakini akili imelala.

Mafunzo si hirizi

Ni wajibu wangu kusema upande wa pili pia. Mwaka 2010 wataalamu walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa duniani kuhusu mafunzo ya pikipiki, na wakasema kuwa tafiti hizo hazikuwa na ubora wa kutosha kuthibitisha kuwa kozi peke yake hupunguza ajali. Baadhi ya waliofunzwa mbinu za juu huingiwa na majivuno, wakathubutu mambo ambayo zamani waliyaogopa. Kwa hivyo cheti hakimlindi mtu kama hirizi isivyomlinda. Elimu inataka tabia njema iambatane nayo: mwendo wa wastani, kofia kichwani, na akili isiyolevywa na pombe, miraa wala simu.

Kuhusu kofia ngumu, hapo ushahidi hauna mashaka. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wenye kusema kuwa ajali haina kinga wameisikia methali nusu. Ajali haina kinga baada ya mtu kufanya kila lililo katika uwezo wake. Kabla ya hapo, kinga ipo, na inauzwa dukani.

Wanazuoni wametuwekea msingi katika hili. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Nia yake njema haimwokoi. Anayebeba roho za watu barabarani bila ya kujifunza ana hali inayofanana naye. Na kuua kwa kukosea, ijapokuwa si dhambi ya kusudi, kuna kaffara na diya yake katika sheria yetu, mizigo ambayo familia nyingi zingeshindwa kuinua.

Mkoba wa familia

Sasa niseme na akina mama na akina baba wa nyumba. Pikipiki nyingi za vijana wetu hazikununuliwa na vijana. Zilinunuliwa kwa fedha ya mama aliyeuza dhahabu yake, kwa zamu ya chama cha wanawake, au kwa mkopo ambao mjomba aliudhamini. Pikipiki mpya huzidi shilingi laki moja. Familia huhesabu bei, huhesabu bima, huhesabu hata stika na mapambo, lakini ada ya shule ya udereva, ambayo ni sehemu ndogo ya bei hiyo, huambiwa ingoje mpaka kazi ilete faida.

Hapo ndipo pa kugeuza mambo. Ada ya mafunzo, leseni na kofia mbili zihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya pikipiki, sawa na magurudumu yake. Chama kinachomkopesha mwanachama kwa ajili ya mwanawe kiweke sharti moja: leseni ya A3 ionekane kwanza, ndipo fedha zitolewe. Mzazi aliyekwisha kununua aufunge ufunguo kabatini mpaka kijana amalize kozi. Wiki chache za kungoja hazitaifilisi nyumba. Tena mwendeshaji asiye na leseni huweza kuikosesha familia haki ya bima waliyoilipia, na deni la hospitali likaangukia ukoo mzima.

Kijana atalalamika kwamba wenzake wote walianza bila ya hayo. Aambiwe kwa upole kuwa wazazi wake hawakununua wenzake wote, wamemnunulia yeye.

Abiria naye ana elimu yake

Katika Sahihi za Bukhari na Muslim kuna kisa cha Anjasha, aliyekuwa akiwaongoza ngamia waliopandwa na wanawake safarini. Alipowachangamsha ngamia kwa sauti yake nao wakaenda kwa kasi, Mtume (S.A.W.) alimtaka apunguze mwendo, akawafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Basi mama anapomwambia mwendeshaji apunguze mwendo asione haya. Haki hiyo ni yake tangu zama za ngamia.

Mwanamke wa bodaboda ana mambo yake ya kuzingatia. Buibui na ncha za leso zimewaangusha wengi kwa kunaswa na cheni au gurudumu la nyuma. Vaa suruali ndani, ukusanye pindo la buibui na kulikalia chini ya mapaja, wala usiache mtandio ukapepea nyuma. Kukaa upande humnyima abiria mizani. Kukaa miguu huku na huku, ukiwa umesitirika kwa suruali, ni salama zaidi. Panda na kushuka upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi aghalabu liko kulia na limewachoma wengi miundi. Pini za hijabu na fundo kubwa la nywele viondolewe mahali pa kofia, ili ikae sawa, kisha mkanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Anayechukia kofia iliyovaliwa na watu wengi anunue yake.

Na watoto, jamani. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, naye avae kofia na koti la kuakisi mwanga kama mwendeshaji. Lakini asubuhi na alasiri tunaona watoto watatu na wanne wa shule na wa madrasa wamepangwa mishikaki juu ya pikipiki moja, mdogo wao juu ya tangi. Mwendeshaji hulaumiwa, lakini nani aliyempakia? Nauli aliyookoa mzazi ni shilingi chache. Walimu wa madrasa nao wanaweza kusema neno langoni, na ninawaomba walisema.

Abiria ndiye mwenye fedha, na mwenye fedha husikilizwa. Kabla ya kupanda, uliza mambo matatu: leseni yako iko wapi, kofia yangu iko wapi, na tutakwenda polepole? Akikosa jibu la moja, mpungie mkono yule aliye nyuma yake. Steji nzima itaona ni nani aliyepata nauli na kwa nini. Wanawake kumi wa mtaa mmoja wakishikamana na maswali hayo kwa mwezi mmoja, vijana wa steji hiyo watazitafuta shule za udereva wenyewe.

Tuwaombee vijana wetu warudi salama kila jioni. Na kabla ya dua, tuwalipie ada.